Shati Zima

Pale kiwandani shati moja lilipitia mikono mingi kuliko faili la kiwanja. Huyu anashona mfuko, yule anatoboa matundu ya vifungo, na hakuna aliyejua kutengeneza shati. Wenye kiwanda waliuita utaratibu huo ufanisi. Ulikuwa na faida nyingine wasiyoitaja: fundi anayejua kola peke yake haendi kufungua duka la kola.

Mwanamke wa kola alitaka duka lake. Alijaribu kumshonea mumewe shati nyumbani. Mume alijitazama kwenye kioo, akasema kwa upole, "Mke wangu, shingoni mimi waziri. Kuanzia kifuani, gunia la mkaa."

Akaomba kuhamishwa sehemu nyingine. Msimamizi alikataa, kola zake zilikuwa nzuri mno. Waliohamishwa walikuwa watukutu tu, kwa adhabu. Basi akawa mtukutu.

Alianza kwa kuchelewa, akahamishiwa kwenye mikono ya shati. Alipoimudu, akamwambia msimamizi tai yake imekaa upande kama mlevi. Akatupwa kwenye vifungo. Kila alipoiva, mdomo ulimwasha upya.

Wifi yake, wa mifuko, alimvuta pembeni. "Wifi, una mashetani? Watakufukuza!"

"Wangoje kwanza. Bado kukata."

Bila kukata hakuna shati, na wakataji walikuwa na chumba chao, mlango umefungwa. Alipozua ugomvi wa kumpeleka huko, msimamizi alicheka.

"Mama, nimekushtukia. Adhabu yako ni kurudi kwenye kola. Mpaka uzeeke."

Mwanamke alivua eproni, akaikunja vizuri, akamkabidhi.

"Zishone mwenyewe, bosi. Shingo si unayo?"

Nyumbani alitoa shati la mumewe la kutokea, lililoshonwa katika kiwanda hichohicho, akalifumua mshono kwa mshono mpaka likawa vipande vitupu. Akavipiga pasi, akavitandaza juu ya kitambaa kipya, akavizungushia chaki. Chumba chote cha wakataji kikalala pale mezani, mlango wazi.

Mume akaingia kifua wazi, akakuta maiti ya shati lake.

"Mama watoto! Kesho kazini nitavaa nini?"

"Shati."

"Shati lipi?"

"Hili ninalolikata," akasema, akaingiza mkasi.