Kitambaa cha Nadhiri Nilichokipaka Rangi Nyekundu

Kosa ni langu. Nianze na hilo, msije mkasema huyu kaja kulaumu watu tu. Watu nitawalaumu, tena kwa majina yao, lakini mkono uliopaka rangi ni huu wangu.

Mimi ni mpaka rangi wa makasha na milango hapa Bagamoyo. Chuoni sikufika mbali, mwalimu alinichoka mapema. Basi naandika kama ninavyosema, mtaniwia radhi.

Mlioshika njia ya Mkange mnalijua Kaburi la Njiani. Mnara wa mawe, kisima kando, minazi kuzunguka, yote wakfu. Msafiri gani alipita pale asinywe maji? Asifunge kitambaa cheupe cha nadhiri juu ya kaburi? Aliyelitunza ni shangazi yangu Bi Tausi, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alikaa palepale.

Kabla ya vita nilisafiri bara na Mgoa mpiga picha, nikimbebea sanduku lake. Tuliporudi akanipa picha za safari yetu, na moja ilikuwa ya Kaburi la Njiani. Ewe Mola, nilivyoipenda! Kitambaa kikubwa kuliko vyote kilichoonekana mle alikifunga shangazi mwenyewe, kaweka nadhiri nirudi salama.

Sasa msikieni Mbaraka bin Faki. Rafiki yangu huyo, tukila sinia moja. Alikuwa anaoa Mkange, akaniambia, "Fundi, nichoree Kaburi la Njiani kwenye kifuniko cha kasha la bibi harusi. Akikumbuka kwao, alitazame."

Nikaiweka picha mbele yangu nikachora. Lakini picha ya Mgoa haina rangi, majivu matupu! Rangi nilitia mwenyewe. Minazi kijani, mnara chokaa, na kile kitambaa cha shangazi nikakipaka wekundu uliokolea.

Mbaraka akacheka. "Aa, fundi! Vitambaa vya kule si vyeupe?"

"Cheupe juu ya chokaa nani atakiona? Harusi hii, au matanga?"

Tukacheka wote. Akaichukua na ile picha, akamwonyeshe mchumba.

Nalikumbuka neno lake hilo mpaka leo. Alijua! Alijua kabisa!

Wadachi wakaja, watu wakapigana nao, na waliopigana wakapandisha bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja. Mji ukaungua, tukakimbia, tukarudi. Mbaraka yeye alirudi na mipango. Alikwenda kwa shangazi kutaka ile minazi, shangazi akamfukuza. "Wakfu hauuzwi, Mbaraka. Nenda kapande yako."

Haikupita muda akaja kwangu, meno nje. "Fundi, mkubwa wa Wadachi ameipenda kazi yako. Anakuita bomani."

Mimi mjinga nikaoga, nikavaa kanzu ya Idi!

Nikakikuta kifuniko changu kimeegemezwa ukutani. Mkubwa akasema lake, na mkalimani wao, Hamadi Tawaka, mtoto wa mji huu huu, akaniuliza, "Umebuni, au ndivyo palivyo?"

Kubuni? Mimi? Mbele ya watu wote wale? Nikapanua kifua. "Nimefuata picha ya Mgoa. Kila kilichomo humu ndicho kilichoko kule!"

"Na hiyo picha iko wapi?"

Mbaraka akadakia, "Imeungua na nyumba yangu, bwana."

Mkubwa akakigusa kile chekundu kwa fimbo. Hamadi akanigeukia. "Basi ndiyo bendera yao hiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wallahi nilielewa! Ningesema, nimeipamba tu, rangi ni yangu. Lakini niliogopa. Niliona bunduki, nikaona kamba, nikajiona nimeitwa mwongo na kutundikwa. Nikanyamaza. Hamadi naye, aliyefunga kitambaa cheupe palepale na mama yake, akanyamaza vilevile.

Wakaenda. Walichoma nyumba ya shangazi, wakaubomoa mnara, wakafukia kisima kwa mawe yake. Yeye walimburura nje nywele wazi, mwanamke ambaye hata sisi wanawe hatukuwahi kuziona nywele zake.

Minazi nani anayo? Mbaraka bin Faki! Anagema tembo, anawauzia askari, juu ya kaburi la mcha Mungu! Akiniona ananiita, "Fundi, karibu uonje." Picha eti iliungua na nyumba, lakini kasha langu analo ndani.

Shangazi sasa amehifadhiwa na jamaa Kaole. Nilikwenda. Nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

Alikuwa akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuinua macho. "Kile kitambaa nilichokufungia ulipokwenda bara, kilikuwa rangi gani?"

"Cheupe, shangazi."

"Kumbe ulijua."

Akaendelea kusuka. Ile marahaba sijaipata mpaka leo, na nimekwenda Kaole mpaka mbwa wa kule hawanibwekei tena.

Nyie mafundi wenzangu, pambeni makasha yenu mtakavyo. Lakini mtu akikuita mbele ya mwenye bunduki kukusifia mkono wako, usipanue kifua. Sema upesi ulichokitia mwenyewe, hata wakikucheka, hata wakikuita mwongo! Ningechekwa siku ile, leo shangazi yangu angeniitikia.