Bismillahi ya Ukingoni

Miaka ile ya ubinafsishaji, nilikuwa kazini katika chumba cha kompyuta cha shirika moja la umma hapa Lindi. Mlangoni alisimama bwana aliyetumwa na wanunuzi wa shirika, kalamu mkononi, aamue nani atabaki kazini. Kalamu ile aliibofyabofya mpaka ikanikera.

Mama mmoja wa mtaa wa Mtanda, mwandishi wa programu, aliilisha mashine kadi zake za matundu, zilizobeba programu. Ikanguruma, ikatoa karatasi tupu, ikanyamaza. Akarudia. Tupu tena.

"Hii ndiyo kazi mnayofanya?" bwana akauliza.

Mama akaichukua kadi ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akashusha pumzi. "Bismillahi yangu."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Kila programu huianza kwa Bismillahi, akiitanguliza kistari cha mshazari na nyota, ili mashine ijue maneno hayo ni ya binadamu, iyaruke. Safari hii alianzia ukingoni kabisa mwa kadi. Kumbe mashine ina msimamizi wake wa ndani, programu inayopanga kazi. Huyo akiiona alama hiyohiyo ukingoni, anaelewa kwamba kazi imekwisha.

"Basi ifute," akasema bwana, ambaye kumbe alisikia.

"Siifuti, bwana. Naisogeza."

Akatoboa kadi mpya, Bismillahi ikaingia ndani nafasi moja. Karatasi zikamiminika, zimejaa maandishi.

Bwana akatushika mikono. "Jamani, huu ni mwanzo mpya wa shirika!"

Mama hakutabasamu. "Mwanzo wa nani?" akaninong'oneza. "Sisi tuko ukingoni."

Tangu hapo, nikiambiwa jambo linaanza, kwanza natazama niliposimama.