Kutwanga Bila Kinu

Mutoto wa binti yangu alizaliwa mwembamba, lakini sauti yake ilikuwa ya muntu mukubwa. Asubuhi hakuwa na neno. Ananyonya, analala, anaamka, anaangalia mabati ya nyumba kama fundi aliyekuja kuyakagua. Jua likianza kuinama upande wa muto, tumbo linajaa upepo. Anakunja miguu, anakaza ngumi, uso unakuwa rangi ya mafuta ya mawese, kisha kilio. Si kilio cha njaa. Ukimupa ziwa analivuta mara moja na kulitupa, kama umemudanganya.

Kwetu mwanamuke akizaa mara ya kwanza anarudi kwa mama yake mupaka arobaini itimie. Ndiyo maana kilio kile kilikuwa nyumbani kwangu, Alunguli, mutaa wa Kindu, si kwa mume wake ng'ambo ya muto. Binti yangu alikuwa amechoka vibaya. Siku moja alitia chumvi ndani ya chai yake, akainywa yote, hakugundua kitu. Nilimuacha anywe. Muntu aliyechoka hivyo, hata ukimusemesha unamuongezea kazi.

Mama mukwe wake alivuka kuja kumuangalia mujukuu. Ni mwanamuke mukubwa, mwenye sauti, na tunaheshimiana. Alimubeba mutoto, akamusikiliza akilia, akamubonyeza tumbo kwa kidole.

"Mukwe, huyu tumbo yake iko chafu," aliniambia. "Ijumaa, swala ikiisha, ninakuja na mupira. Tutamusafisha."

Mupira ule kila mama wa Kindu anaujua. Ni kama limao, una mudomo murefu. Unajazwa dawa ya majani, na mutoto anaingiziwa kwa nyuma. Mukwe wangu alilea watoto wake wote na mupira ule, na wote ni wazima, kwa hiyo hawezi kuuona vibaya. Lakini mimi nilishaona mutoto muchanga aliyetiwa dawa ile akaharisha mupaka macho yakaingia ndani. Na muuguzi wa sante, kituo chetu cha afya, alituambia wazi siku ya kupima mutoto: maziwa ya mama peke yake, dawa ya nyuma hapana.

Sasa nitamukatalia namna gani? Mutoto ni wa ukoo wa baba yake. Arobaini ikitimia anavuka, anaenda kulala ndani ya nyumba yao, na mimi sitakuwa pale kushika mulango. Nilisema tu, "Karibu Ijumaa, mukwe." Lakini ndani ya moyo nilisema: kabla ya Ijumaa mutoto huyu apate kulala, na mama yake ajue namna ya kumulalisha, yeye mwenyewe, bila mimi.

Alipoondoka nilimuambia binti yangu, "Mufunge mugongoni, utwange."

"Nitwange nini, mama? Sombe si tunanunua ya mashini?"

Hapo alisema kweli. Siku hizi majani ya muhogo yanasagwa sokoni na mashini, unayaleta nyumbani ndani ya sashe ya plastiki, laini kama uji. Kinu changu kilikuwa kimelala nyuma ya jiko, na kuku wangu mwekundu alikuwa anaatamia mayai ndani yake. Kuku yule hakubali hata umuangalie.

"Basi twanga bila kinu."

Binti yangu alifunga macho. "Eh, mama. Mambo yale ya pori tena?"

Ndiyo, yale yale. Na mutoto wa mambo yale alikuwa yeye.

Wakati wa vita tulikimbia Alunguli tukiwa jamaa chache za jirani, tukaingia pori upande wa barabara ya Kailo. Nilikuwa nimezaa juzi juzi. Watoto wangu wawili wakubwa niliwalea na kinu: jioni ninamufunga mutoto mugongoni, ninatwanga sombe, na kabla majani hayajalainika amekwisha kulala. Sikufikiri kama ni dawa. Nilifikiri ninapika. Kule porini tulikatazwa kutwanga, kwa sababu mulio wa kinu unaenda mbali kuliko sauti ya muntu, na barabarani walipita watu wenye bunduki. Sombe tulikata na kisu, tukachemsha, tukatafuna kama mbuzi.

Na binti yangu alianza kulia. Kila muchana jua likiinama, tumbo linajaa upepo. Nilimupakata, nilimubembeleza, nilimupulizia masikio. Hapana.

Kati yetu kulikuwa mwanaume mumoja murefu aliyekuwa muchimbaji wa madini kule Kampene, na watu walimufanya kiongozi kwa sababu alijua pori. Alikuja akachuchumaa mbele yangu. Hakuwa mubaya. Aliongea polepole.

"Mama, huyu mutoto atatuuza sisi wote."

"Baba, hajui bei."

"Sifanyi muchezo. Kama hanyamazi, kesho utatafuta mahali pako na watoto wako, mbali na sisi. Nisamehe."

Wanawake waliangalia chini. Hakuna aliyesema hapana, na mimi sikuwalaumu, nao walikuwa na watoto. Lakini peke yangu porini na watoto watatu, nitaenda wapi? Mutoto alilia tena. Nilisimama, nikamufunga mugongoni, kitambaa nikakivuta mupaka kikashika shingo yake. Na mikono yangu, sijui ni mimi niliyeiambia au ilijiambia yenyewe, ilishika muchi ambao haukuwapo. Nikainua, nikashusha. Nikainua, nikashusha.

Watu wote waliniangalia. Walifikiri akili yangu imekwenda. Kisha bibi mumoja, muzee kabisa, asiye na meno, akauliza:

"Unatwanga sombe ya nani?"

"Ya kwako, bibi. Wewe huwezi kutafuna ile ya kisu."

"Basi tia na pilipili!"

Muntu mumoja akashika mudomo, mwingine akaficha uso ndani ya kitambaa. Walicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Tangu tuingie pori sikuwa nimeona mabega ya namna ile. Nilikaza kutwanga. Ukiinama, tumbo la mutoto linakandamizwa juu ya mugongo wako, ukiinuka, linaachiliwa. Upepo unatafuta njia. Mutoto akacheua maziwa shingoni kwangu, akajamba kama muntu aliyekula maharagwe, akalala.

Siku iliyofuata hakuna aliyesema habari ya kuondoka. Jua likiinama wanawake walinipokea kwa zamu. Siku moja mikono yetu yote ilikuwa imechoka, na yule muchimbaji akasema, "Leteni hiyo sombe." Mwanaume murefu vile, mutoto mugongoni, anatwanga hewa. Bibi asiye na meno alimuambia wazi kwamba yeye bibi atakula ugali mukavu siku ile, maana mupishi hajui kutwanga.

Hayo binti yangu aliyasikia tangu utoto mupaka akayachoka. Lakini jua liliinama, mwanawe akaanza, na hakuwa na kitu kingine. Alimufunga, akasimama katikati ya uwanja, akaanza kupungapunga mikono kama anafukuza inzi.

"Mukono hautwangi," nilimuambia. "Mugongo ndiyo unatwanga. Inama!"

"Watu wanapita njiani, mama! Watasema nimepata wazimu."

"Waseme. Wenye wazimu wana watoto wanaolala."

Siku ile hakufaulu, nilimupokea mimi, na magoti yangu yalinikumbusha umri wangu. Siku iliyofuata aliinama vizuri lakini haraka haraka, mutoto akazidi kulia. Nilimuambia, "Unatwanga kama muntu anayefukuzwa. Sombe haitaki hivyo." Tulikasirikiana mupaka chakula cha usiku. Alhamisi nilikaa ndani kwa makusudi, nikasikia kilio, nikasikia kinapungua, nikajizuia kutoka.

Ijumaa mukwe wangu alivuka na mufuko wake. Tulikuwa bado tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumba, mutoto akaanza. Mukwe alifungua mufuko, akatoa mupira, akauweka juu ya meza, safi, umeoshwa vizuri. Nilimuangalia binti yangu. Ulimi wangu ulikuwa moto ndani ya mudomo, lakini nilijua kama ni mimi nitakayesema, ng'ambo ya muto maneno yangu hayatafika.

Binti yangu alichukua kitambaa, akamufunga mwanawe, akatoka uwanjani. Akainama. Polepole, na mugongo.

Mukwe alisimama mulangoni. "Huyu anatwanga nini?"

"Sombe yako, mama," binti yangu alijibu bila kusimama. "Ngojea kidogo, utakula."

"Kinu iko wapi?"

"Kuku iko analalia."

Mukwe alinigeukia mimi kuona kama ninacheka. Sikucheka. Tukangoja. Mutoto alilia, akalia kidogo, akafanya sauti ya kucheua, kisha kwa nyuma ukatoka mulio mukubwa, hata kuku aliinua kichwa ndani ya kinu. Kimya. Macho yakaanza kufunga.

Mukwe wangu alicheka mupaka akashika ukuta. Alipomaliza alipangusa macho, akaangalia sana namna binti yangu anavyoinama, na uso wake ukabadilika ukawa wa muntu anayeona kazi inafanywa vibaya.

"Mwanangu, unatwanga kama watu wa muji. Nipe huyo mutoto."

Akamufunga, akashika muchi wake wa hewa, na kweli anajua kutwanga. Mutoto alilala usingizi muzito. Nilitia chai. Mupira ulirudi ndani ya mufuko bila muntu kuutaja, na mimi pia sikuutaja.

Arobaini ilitimia. Niliwasindikiza mupaka pwani ya muto, binti yangu na vyombo vyake, mukwe na mutoto. Jua lilikuwa linainama, na mutumbwi haujafika hata katikati ya muto nikasikia kilio kile ninachokijua. Binti yangu alikuwa ameshika vyombo. Mukwe alimusogeza mutoto kifuani, akaanza kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, pale pale alipokaa, na mutumbwi ukaanza kuyumba.

Sauti inasafiri vizuri juu ya maji. Nilimusikia mupiga kasia akimuomba atulie: "Mama, tafazali! Hii si kinu!"

"Piga kasia, wewe," mukwe alimujibu. "Mutoto analala."

Nikarudi nyumbani kuangalia kuku. Vifaranga vilikuwa vimeanza kutoka.