Daraja la Mvule Lililonuka Sangara

Jamani, nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki mtu wa kunikatisha. Nilianguka mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mbele ya wazazi, mbele ya watoto wa kanisani waliokuja na tarumbeta zao, na suruali ikachanika mahali ambapo suruali haitakiwi kuchanika, na chanzo cha yote hakikuwa bahati mbaya wala mkono wa mtu. Chanzo ni wivu. Nilikuwa namwonea wivu binti mmoja anaitwa Vailet, wivu wa kukosa hamu ya kula, na nasema wazi kwa sababu mtaa wetu mzima wa Pasiansi unajua, hata nikikana nitakuwa najisumbua.

Mimi naendesha baiskeli. Si ile ya kwenda sokoni, ni ile ya matairi manene ya kupanda na kushuka milima, na kwa Mwanza hii yenye mawe kila kona nani anahitaji kwenda mbali? Tuna chama chetu, na nyuma ya mtaa kuna kilima tulichokichonga njia inayopita katikati ya mawe, penye mwanya kati ya jiwe na jiwe tunaweka daraja la mbao, penye mteremko tunajenga jukwaa la kurukia. Shida ni mbao. Zile laini za dukani mchwa wanazimaliza hata hujazizoea, na zikipona mchwa zinaozeshwa na mvua, kwa hiyo tunatafuta mbao ngumu, mninga, mvule, na kwa kuwa chama hakina kitu, tunaomba: mlango mkuukuu kwa huyu, ubavu wa mtumbwi uliochoka kwa yule. Muombaji mkuu nilikuwa mimi. Najua kuomba, sijisifu (najisifu kidogo). Na desturi yetu ni kwamba aliyeleta mbao ndiye anayepita wa kwanza siku ya kuzindua, wengine wote wamesimama pembeni wanapiga makofi. Miaka yote mwanamke pekee kwenye chama nilikuwa mimi, na wa kupita wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa vizuri, mnaona wenyewe.

Basi akaja Vailet. Mwalimu wa sekondari, mpole, meno yamepangika, salamu kwa kila mtu. Hata hatujamjua vizuri akatuletea pikapu imejaa mihimili ya mninga, eti mjomba wake anabomoa nyumba ya zamani kule Nyamagana, akamwomba, akapewa. Hivyo tu! Mimi mlango mmoja nauhangaikia, nakunywa chai za watu mpaka nafura tumbo. Kaka Masalu, mwenyekiti wa chama, mtu ambaye hata kwenye harusi yake mwenyewe hakutabasamu, siku hiyo alicheka mpaka magego yakaonekana, akasema, "Vailet, ulikuwa wapi siku zote?" Nikajiuliza, na mimi nilikuwa wapi siku zote? Si nilikuwa hapahapa? Nilirudi nyumbani nikabandika maharage, nikakaa namuwaza yeye na meno yake mpaka yakaungua, nikayala hivyohivyo.

Mihimili ile ilikuwa ya daraja kubwa kuliko yote tuliyowahi kujenga. Kilichobaki ni mbao za juu, zile zinazokanyagwa na matairi. Nikaingia kwenye grupu la Wasapu nikaandika, "Mbao za juu niachieni mimi. Naleta mvule mtupu." Sikuwa na mvule. Sikuwa hata na fununu ya mvule. Lakini Kaka Masalu alijibu palepale kwamba kama ni hivyo, mwenye mbao za juu ndiye atakayepita wa kwanza, na hapo moyo wangu ukatulia.

Ulitulia mpaka nilipofika kwa fundi wa mitumbwi. "Dada, mvule siku hizi mimi mwenyewe nauota tu," akasema, akaendelea kupiga randa. Nikazunguka Ilemela yote, kila niliyemwendea ananipa pole. Mwishowe nikasikia habari za Mama Kulwa, ng'ambo, upande wa Sengerema, nikapanda kivuko. Mama huyu anauza mgongo wazi (yaani sangara akishatolewa minofu kiwandani, kile kinachobaki, kichwa na mifupa na nyama kidogo, watu tunakikaanga na maisha yanaendelea).

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye yule wa kuomba milango?" (Sifa zangu zilishavuka maji.)

Alikuwa anajengewa meza za zege, zile za zamani kazirundika nje, mvule mzito mweusi, sijawahi kuona. Akasema, "Beba tu. Mchwa hata hawazisogelei, hizo zimekunywa mafuta ya sangara miaka na miaka." Jamani, mimi nilisikia mchwa tu. Neno mafuta lilinipita kama halijasemwa.

Nikaziosha. Sabuni ya unga, majivu, ndimu, maji ya moto, nikaosha mpaka jirani akauliza kama kuna msiba. Harufu ilipungua, au pua yangu ilizoea, sijui. Nikapiga msasa zikawa laini kama kioo, na tulipozipigilia juu ya ile mihimili, daraja liling'aa hivi kwamba nilisahau kabisa chini yake kuna mninga wa mtu.

Halafu Vailet akaja akalipapasa. "Dada Stela, limependeza jamani. Sasa si tupigilie na wavu wa banda la kuku juu, tairi lipate kushika?"

Sasa sikilizeni. Madaraja yetu yote yana huo wavu. Wa kwanza kuuleta kwenye chama nilikuwa mimi, nimeupigilia kwa mikono hii. Lakini aliyesema ni Vailet, na alisema mbele ya Kaka Masalu, na Kaka Masalu alitikisa kichwa kukubali. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Wavu ni wa mbao za kawaida. Mvule hauvalishwi nguo." Wote wakakubali, maana kwenye mambo ya mbao walikuwa wananiamini.

Siku ya uzinduzi jua liliwaka tangu asubuhi. Wageni wakaketi upande wa chini, pale daraja linapoishia, mwenyekiti wa mtaa, mgeni wetu rasmi, kwenye kiti chenye mto, mbele yake meza ya soda. Wa kwanza kunusa hawakuwa watu. Walikuwa korongo, wale wakubwa wenye upara wanaoshinda majalalani, wakatua mmoja mmoja juu ya daraja langu wakasimama kama nao wamealikwa. Wakafuata paka. Mwenyekiti wa mtaa akatoa leso akaziba pua kidogo, akauliza kwa adabu, "Hapa karibu kuna mwalo wa kushushia samaki?"

Kaka Masalu akapanda hadi nilipokuwa nimeshika baiskeli. "Stela, mbona mbao zako zinatoa jasho?"

"Mng'aro huo," nikasema.

Vailet naye akaja mbio na tambara mkononi. "Dada, subiri kidogo tulifute kwanza, linateleza." Na mimi, badala ya kuona tambara, nikaona mtu anayetaka kupita kabla yangu. Nikakanyaga pedali.

Nusu ya kwanza nilipita vizuri, nawaambia kweli, nikasikia hata kigelegele. Kisha nikamkuta korongo mmoja katikati ya daraja amenikazia macho, hana habari ya kupisha, nikashika breki. Baiskeli ikaondoka peke yake kwenda kushoto, mimi nikaendelea na safari kwa makalio, daraja zima, kama sabuni kwenye karai, nikaukata utepe kwa shingo, nikaenda kusimama miguuni kwa mgeni rasmi na soda zikiniangukia moja baada ya nyingine. Watoto wa tarumbeta walikuwa wameambiwa wapige nikifika mwisho wa daraja. Wakaona nimefika. Wakapiga.

Nilipojaribu kuinuka ndipo nikasikia upepo nyuma, nikajua suruali imekwenda. Watu wanacheka, paka ananilamba kiwiko, na kabla sijajua nijifunike na nini kitenge kikanizunguka kiunoni kikafungwa vizuri. Ni Vailet. Hakucheka. Laiti angecheka!

Alinisindikiza hadi nyumbani, na njiani, mimi nanuka meza ya Mama Kulwa, akaniambia, "Unajua dada, nilikuona mwaka jana pale stendi Nyamagana, umefunga mbao ndefu kwenye baiskeli, makondakta wote wanakupisha. Nikasema na mimi nataka kuwa hivyo. Ndiyo nikanunua baiskeli, nikawatafuta." Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Nilimwambia kitenge nitakirudisha kimefuliwa, basi.

Jumamosi iliyofuata tulipigilia wavu, mimi na nyundo, yeye na misumari. Kaka Masalu akauliza nani atapita wa kwanza. Nikasema, "Vailet." Lilitoka kwa kusukumwa, lakini lilitoka. Nimeapa kwamba tangu sasa nikisikia wazo zuri kutoka kwa mtu ninayemwonea wivu, nitalichukua kwanza, wivu nitaendelea nao jioni nikishaosha vyombo. Akapita, daraja likamshika vizuri, na alipofika mwisho aligeuka akanitafuta mimi kati ya wale watu wote. Nikapiga makofi. Ya mwanzo yalikuwa ya kweli kabisa, yale ya mwishomwisho yalikuwa ya adabu tu.