Neno la Mwisho Lilikuwa Njooni

Nakumbuka siku moja kule Griftu, mwanangu Nasra, nikiwa msichana wa kukamua mbuzi, tulipokula nyama kwa furaha huku mama yangu akioshwa kwa ajili ya kaburi. Nakwambia leo kwa sababu kesho unaanza kazi hospitalini hapa Garissa, kwenye ile meza ambapo watu huulizia wagonjwa wao. Usiniangalie hivyo. Keti, chai haitoroki.

Hooyo, mama yangu Halima, alikuwa amelazwa hospitali ya Wajir apasuliwe tumbo. Simu za mkononi hazikuwepo. Habari zilikuja kwa simu ya upepo katika ofisi ya serikali, tena si kwa sauti ya mtu, bali kwa milio ya Morse: mlio mfupi ni nukta, mrefu ni mstari, na hizo nukta na mistari ndizo herufi. Fundi husikiliza na kuandika kwa penseli, herufi baada ya herufi, mpaka sentensi itimie. Fundi mkubwa alikuwa Mzee Mutua, mtu wa Kitui aliyezeekea kwetu. Msaidizi wake alikuwa Abdi, kijana wa mjini Garissa, mwepesi wa mkono na mwepesi wa kila kitu.

Asubuhi hiyo Mutua alikuwa nyuma ya ofisi akihangaika na jenereta. Aabo, baba yangu, alisimama mlangoni, nami nimeshika shuka lake. Mashine ikaanza kulia. Abdi akaandika sentensi ya kwanza: UPASUAJI ULIKWISHA SALAMA JANA. Basi! Akavua visikizio, akatoka mbio akipiga kelele, "Hongera! Amepona!"

Aabo alilia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Tukarudi nyumbani, akachinja mbuzi, majirani wakaja. Lori la mifugo la kwenda Wajir likapita mbele ya boma letu, dereva akatupungia mkono, nasi tukampungia.

Kumbe mashine iliachwa ikiongea peke yake. Mutua aliporudi alikuta karatasi ina sentensi moja. Akawaomba Wajir warudie, nao wakachelewa kwa kuwa walikuwa na ujumbe mwingine. Alipoupata wote, akaja kwetu kwa miguu, Abdi nyuma yake.

"Hussein, kaa chini," akasema.

Aabo hakukaa. "Mutua, wewe sema tu. Bibi yangu iko aje?"

Mutua hakumgombeza Abdi, wala hakumsemea. Alimpa karatasi. "Soma. Safari hii soma mpaka mwisho."

Abdi akasoma: UPASUAJI ULIKWISHA SALAMA JANA. HALIMA AMEFARIKI ALFAJIRI. TUNAMZIKA LEO BAADA YA ALASIRI. NJOONI.

Inna lillahi. Aabo aliweka kisu chini, mikono ikiwa bado na mafuta, akashika njia ya Wajir kwa miguu. Gari jingine halikupita. Alifika kesho yake, akakuta kaburi limeshafukiwa. Hakumswalia mkewe, hakushika hata koleo. Kifo ni cha Mungu, sikilalamikii. Lile lori tulilolipungia mkono ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baadaye nilimwendea Mutua anionyeshe lile neno la mwisho huandikwaje. Alilichora kwa kidole mchangani, kuanzia N, mstari na nukta, mpaka I, ambayo ni nukta mbili tu. Bado naweza kuliandika. Abdi nilimchukia, na sijamaliza kumsamehe, Mungu anijalie.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kesho, habari ikianza kwa uzuri, ifungie mdomoni kwanza. Maliza kuisoma, wauguzi wa wodini waulizwe tena, ndipo ufungue kinywa. Wala usimhurumie mtu kwa kumpa nusu. Nusu ndiyo iliyomfanya baba yangu achinje mbuzi siku ya msiba wake. Ikiwa ni mbaya, mwambie yote, na umwambie upesi maiti iko wapi na mazishi ni saa ngapi, maana huenda kuna lori linaondoka.

Mwenyezi Mungu autulize ulimi wako, akulinde na haraka ya kupendeza watu, akupe moyo wa kusimama mbele ya wanaolia. Na siku habari yangu itakapofika kwenye meza yako, isome mpaka mwisho, halafu waambie ndugu zako waje.