Mnyororo wa Geti la Russia

Mama Nanjala aliniita mara mbili, kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa nje ya geti, yeye ndani, na katikati yetu mnyororo na kufuli. Mvua ya mawe ilishuka Kitale siku hiyo kama kokoto zinazomwagwa na lori, na watu wote wa upande usio na paa walikimbilia geti hilo moja. Nilivuta vyuma mpaka viganja vikatoka ngozi. Nilipiga kelele, "Ufunguo! Leteni ufunguo!" Ufunguo ulikuwa ng'ambo ya uwanja, kwa jukwaa la wageni wa heshima, ndani ya mkoba wa Meneja wa Matukio, Bi. Wairimu. Geti lilipoanguka kwa uzito wa watu liliangukia mguu wangu. Mimi nilipona. Mama Nanjala, ambaye ni mke wangu Nafula, hakuamka tena, na hata wanafunzi wawili wa chuo hawakuamka.

Nimeanza na hilo ili mtu asidhani nasimulia habari za mpira kupitisha wakati. Naitwa Wafula. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo mkiona makosa ya uandishi mnivumilie. Kwa majina ya watu sitakosea. Nyinyi vijana mnaotafuta kazi ya kulinda mageti ya viwanja, ninataka mjue kazi hii ilikuwaje, na iliharibiwa na nani.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Bungoma, kwa tawi dogo la chuo. Chuo kilikuwa na timu ya mpira inayocheza ligi, na kiwanja chetu kilizungushiwa ua wa magunia yaliyoshonwa pamoja. Msimamizi wa Uwanja alikuwa Mzee Barasa, mtu mfupi, sauti kubwa. Alinipa kigoda, akanionyesha namna ya kuchana tiketi. Unachana pale penye vitobo. Kipande kikubwa unamrudishia mwenyewe, kile kidogo, kishina, kinabaki kwako. Mechi ikiisha, vishina ndivyo vinasema watu walikuwa wangapi.

"Sasa sikia, Wafula," akaniambia. "Huko ofisini watahesabu tiketi walizouza. Wewe hesabu watu. Tiketi haiwezi kushangilia mpila." Mzee Barasa alikuwa hivyo, mpira kwake ulikuwa mpila, na ukimcheka anakwambia ulimi ni wake.

Timu ilikuwa inafungwa, bana. Ilifungwa msimu wote. Mvua ikinyesha unakuta watu wamejikunja kando ya ua na mifuko ya plastiki kichwani, unaweza kuwajua kwa majina. Mzee Barasa akipita aliuliza, "Leo tuko na nani?" Hakuuliza tuko na wangapi. Nami namwambia, fundi wa baiskeli yuko, mwalimu wa nasari yuko, Mama Nanjala yuko. "Basi tuko wote," anasema, na anaenda kusimama nao.

Nafula alikuwa msichana wa Lugulu, na huo mpira aliupenda kabla anipende mimi. Siku ya kwanza alipofika kwa geti langu nilimwambia apite tu.

"Pita, Mama Nanjala, wewe ni wa nyumbani."

"Ati nipite? Chana tiketi yangu, Baba Nanjala. Nikitaka kukuona bure nakuona kwa nyumba kila siku, na hakuna jipya."

Foleni yote ikacheka. Nikachana. Tangu siku hiyo hakuwahi kupita kwangu bure, na hakuwahi kuondoka kabla mechi iishe, hata tukiwa tumefungwa vibaya namna gani.

Baadaye chuo kilijenga uwanja mkubwa Kitale, timu ikahamishiwa huko, na mimi nikahamishwa nayo. Mzee Barasa alistaafu akabaki Bungoma. Huko Kitale nilipata wakubwa wapya. Wa juu kabisa alikuwa Mkurugenzi wa Michezo, Dkt. Simiyu, mtu wa suti na maneno laini. Chini yake Bi. Wairimu, Meneja wa Matukio. Chini ya huyo Sajini Rono, mkubwa wa walinzi, mtu wa jeshi aliyestaafu, mwenye shamba la mahindi kule njia ya Endebess. Chini ya Rono tulikuwa sisi wa mageti.

Mkutano wa kwanza Dkt. Simiyu alituambia kuhusu rekodi. Kwamba tangu uwanja huo ufunguliwe hakuna mechi moja ya nyumbani ambayo tiketi hazikuisha, na kwamba hiyo rekodi haitakatika akiwa yeye ofisini. "Hii ndiyo alama ya uaminifu wa mashabiki wetu," alisema. "Wadhamini wanaipenda. Runinga inaipenda. Kazi yenu ni kuilinda." Nilipiga makofi. Nilifikiri, kumbe huku Kitale kuna watu kama fundi wa baiskeli wanaojaza uwanja mzima.

Haikuchukua muda nikaona rekodi inatengenezwaje. Kila mwanafunzi akilipa karo, ndani ya karo kuna pesa ya michezo, na kwa hiyo pesa amehesabiwa amenunua tiketi ya kila mechi. Hata kama wakati huo yuko kwao Naitiri anapalilia mahindi ya mamake. Zingine zilichukuliwa na maduka ya mbegu na mbolea yaliyodhamini timu. Wenye maduka waliziweka kwa droo. Kwa hivyo tiketi zilikuwa zimeisha kabla ya mtu yeyote kutoka kwake. Kibao kikatundikwa kwa geti langu: TIKETI ZIMEISHA. Na nyuma ya kibao hicho, viti vitupu.

Hapo ndipo kazi ilianza kuniuma. Kulikuwa na mzee mmoja wa Endebess, Mzee Njoroge, aliyeleta maziwa mjini asubuhi na kukaa akingoja mpira. Alifika kwangu na pesa mkononi.

"Zimeisha, mzee."

"Zimeisha aje, kijana? Si naona viti hapo nyuma yako vinapigwa na upepo?"

"Ni agizo, mzee."

"Haya. Mwambie agizo aingie akashangilie."

Akaenda. Mechi iliyofuata akarudi, nikamfukuza tena. Nilipeleka maneno yake kwa Dkt. Simiyu, nikamwambia tunarudisha watu wenye mpira wao moyoni. Alinishika bega. "Wafula, akikosa leo, kesho ataamka mapema. Hiyo ndiyo hamu. Mtu hathamini mlango ulio wazi." Nikarudi kwa geti langu, yeye ana digrii tatu.

Sasa runinga ilikuwa inakuja, na kamera haioni tiketi iliyo kwa droo ya duka. Ndipo ikaja kazi tuliyoiita kupandikiza. Jina lilitoka kwa Sajini Rono. Mkulima huyo aliangalia viti vitupu mbele ya kamera, akaangalia upande wa nyuma, ule wa bei ya chini usio na paa, tunaouita Russia kama wanavyouita mashabiki wa kila mahali Kenya. "Ng'oeni hapa, pandeni pale," akasema, kama mtu anayehamisha miche ya sukuma wiki. Basi ikawa hivyo. Watoto wa shule waliletwa wakavalishwa fulana za timu. Wanafunzi wa chuo waliwekewa soda na mandazi. Wakija kwa geti walinisalimia, "Niaje mzae! Leo tunapandwa wapi? Kuna mbolea?" Mbolea ni hiyo soda. Tulicheka nao. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na kiu.

Nafula alikataa kupandikizwa. Yeye hakuwa amefungiwa na kibao, kwa sababu Russia iliachwa tiketi chache za geti kwa ajili ya kelele. Rono mwenyewe alienda kumwita akae mbele, kwa kivuli.

"Mimi nimelipia Russia, nitakaa Russia," alimwambia. "Huku naona mabeki wetu vizuri. Hao wako wa mbele, Sajini, waulize golikipa wetu anaitwa nani."

Rono aliuliza kweli. Nilikuwa karibu. Mtoto mmoja alijibu, "Golikipa ni nini?"

Lakini miche isiyoshika udongo hunyauka. Watoto walichoka. Soda ikiisha, wanafunzi waliondoka. Kipindi cha pili kikifika katikati, kamera ilikuwa inaonyesha viti vya plastiki. Dkt. Simiyu akaita mkutano mwingine. Nayasema maneno yake kama yalivyotoka, kwa sababu tulikuwa wengi chumbani na hakuna anayeweza kuyakana.

"Mashabiki wetu hawaondoki kabla ya kipenga cha mwisho."

Rono akauliza, "Na wakitaka kuondoka, Daktari?"

"Sajini, nimesema hawaondoki."

Bi. Wairimu akafungua mkoba, akatoa mnyororo mpya na kufuli, bado viko na karatasi ya duka. Mageti ya kando, pamoja na langu la Russia, yangefungwa kipindi cha kwanza kikianza, na ufunguo ungekaa kwake. Geti kubwa la mbele lingebaki wazi, upande wa wageni wa heshima. Kati ya Russia na geti hilo kuna seng'enge. Nilinyoosha mkono.

"Daktari, na kukitokea jambo?"

"Jambo gani, Wafula? Huu ni mpira, si vita."

Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, unajua vile mtu hutabasamu mkubwa akimfanyia mzaha.

Siku yenyewe tulikuwa tunacheza na timu nyingine, ya Bungoma. Na hiyo ndiyo siku moja ambayo watu walikuja wenyewe. Walikuja kutoka Bungoma, Naitiri, mpaka juu Endebess. Fundi wa baiskeli alikuja. Mbele, kwa kivuli, kulikuwa na viti vya wadhamini havina mtu. Nyuma, Russia, ambako siku hiyo tiketi za geti ziliongezwa, watu walisimama bega kwa bega wakiimba. Nafula alinipungia mkono kupitia vyuma vya geti. "Baba Nanjala! Leo si wa kupandwa, leo tumeota wenyewe!" Alikuwa na furaha. Nasema tena, alikuwa na furaha sana.

Kilichofuata nimeshakiandika. Kile ambacho sikukiona kwa macho yangu nilielezwa na Rono, aliponitembelea hospitalini. Alikaa kwa ukingo wa kitanda changu akalia kama mtoto, mtu wa jeshi. Mawe yalipoanza kushuka alikatiza uwanja mbio mpaka kwa jukwaa la wageni.

"Nilimwambia, 'Madam, ufunguo.' Akaniambia, 'Ngoja nimuulize Daktari.' Daktari alikuwa mbele ya kamera anahojiwa. Akatuinulia kidole hivi, kwamba tungoje amalize."

"Na ukangoja?"

"Nilingoja, Wafula. Nimezoea kungoja amri."

Sina kinyongo na Rono. Amesema ukweli na ameacha kazi. Chuo kiliunda kamati yake, kamati ikaketi, ikatoa tangazo kwamba ulikuwa mkasa wa hali ya hewa, na kwamba mashabiki walikosa subira. Mnyororo haukutajwa. Nilipoenda kuuliza, nikitembea kwa magongo, niliambiwa Mkurugenzi yuko safarini. Bi. Wairimu amepandishwa cheo. Mimi nilistaafishwa kwa barua fupi ya pole, kabla umri haujafika.

Sasa naishi Lugulu, kwa kina Nafula, karibu na alipolala. Nanjala ananipikia. Vijana wa hapa huja kuniuliza mambo ya mpira, na mmoja aliniuliza kama uwanja ukijaa miaka na miaka si ni dalili watu wanaipenda timu. Nilimwambia siwezi kukataa. Kuna waliopenda. Mzee Njoroge alipenda, na sisi tulimfukuza. Fundi wa baiskeli alipenda wakati hakuna aliyehesabu. Lakini uwanja uliojaa hauwezi kukuambia ni nani amekuja na ni nani ameletwa, na wale wanaohesabu hawataki kujua. Mapenzi ya mtu kwa timu nimeyaona siku za matope, tukiwa wachache na tumefungwa mabao mengi, na mtu bado anauliza mechi ijayo ni lini. Hayo hayaandikwi kwa kibao.

Wiki hii Nanjala alikuwa amefungua redio akiosha vyombo. Dkt. Simiyu alikuwa anahojiwa. Alisema rekodi haijakatika. Mtangazaji akamuuliza, hata ile mechi ya mkasa? Akajibu, "Kitaalamu, ndiyo. Tiketi zote zilikuwa zimeisha." Nanjala alizima redio, akatoka nje.

Ameihesabu Daktari. Ile mechi ameihesabu.

Basi, Dkt. Simiyu, nakuita kwa jina. Njoo Lugulu mchana, watu wakiona. Njoo na Bi. Wairimu. Kaeni mbele ya binti yangu na mbele ya wazazi wa wale wanafunzi wawili, bila wakili na bila mtu wa runinga. Usituambie habari ya mvua, mvua tunaijua, tumezaliwa nayo. Tuambie ni nani aliagiza geti lifungwe na watu wakiwa ndani. Tuambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ulikuwa unamalizia sentensi gani ulipoinua kile kidole.