Swali la Ukuta

Mkuu wa elimu wa mji wetu alipokuja kuhutubia wazazi, mimi ndiye niliyechaguliwa kumtafsiria. Alitoka upande mwingine wa nchi, na Kijaluo, tulivyoamini sote, hakukijua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi iliyojengwa sehemu ya chini ya Kisumu, karibu na ziwa, juu ya ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini.

Majuma mawili kabla ya mkutano, ofisi yake ilituletea fomu ya kueleza hali ya shule. Mwalimu mkuu aliniita niijaze kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye hali ya majengo. Ukuta wa nyuma wa darasa la pili ulikuwa na ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi karibu na paa. Mwaka uliotangulia wembe ulipita pale kwa shida. Sasa mtoto aliweza kuingiza mkono. Mwalimu mkuu alikuwa ameufunika kwa ramani ya Afrika.

"Andika nzuri," aliniambia.

"Na ule ukuta, mwalimu?"

"Nasikia shule zenye majengo mabovu zitafungwa. Hawa watoto wetu wataenda wapi? Wavuke barabara kubwa kila asubuhi? Andika nzuri. Tutautengeneza sisi wenyewe."

Nikaandika. Muhula ule kwenye methali niliruka ile ya ufa na ukuta, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza.

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali na ziwa halikutoa upepo hata kidogo. Wazazi walikaa uwanjani kwenye madawati ya watoto. Mkuu wa elimu alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na hakutumia karatasi. Alisema mji umekua kuliko shule zake. Watu wanaingia kila siku, mitaa inaongezeka, lakini madarasa ni yale yale. Alisema hawezi kuyajenga yote, kwa hiyo shule zilizochoka zitafungwa na watoto wagawanywe kwingine. Nilitafsiri sentensi baada ya sentensi, na nikaona wazazi wakikunja mikono vifuani. Kisha akasema, "Shule hii, kwa taarifa niliyopewa, majengo yake ni mazuri." Hiyo nayo nikaitafsiri, na mikono ikalegea.

Akauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na lango letu alisimama. Mjukuu wake alikuwa darasa la pili. Akasema kwa Kijaluo, taratibu, kwamba ukuta wa lile darasa umepasuka, na mvua iko karibu, na anataka kujua utatengenezwa lini.

Mkuu wa elimu alinigeukia. "Mama anasema nini?"

Nilimtazama mwalimu mkuu. Hakutikisa kichwa wala kukonyeza. Alinitazama tu.

"Anauliza," nikasema, "madawati mapya yatakuja lini."

"Mwambie mwezi wa tisa."

Nikamgeukia yule mama, nikamwambia kwa Kijaluo, "Anasema jambo hilo litashughulikiwa kufikia mwezi wa tisa." Mama akashukuru, akaketi.

Wazazi wengi pale walisikia lugha zote mbili vizuri kama mimi. Fundi cherehani mmoja, aliyeshonea karibu na msikiti, alielewa, maana aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza kucha zake. Uwanja mzima ulinyamaza. Hakuna aliyetaka shule ifungwe.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa rafiki yangu. Tulipanga nyumba moja. Jioni ile hakunisemesha. Kesho yake nilimkuta darasani akisukuma madawati peke yake, akiyabana yote upande wa mbele, mbali na ule ukuta. Nilimsaidia. Watoto waligusana mabega, na meza yake yeye ikakosa nafasi, ikabaki kule nyuma.

Mvua ilianza mapema mwaka ule, ikanyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya tano ilikatika asubuhi. Saa nne watoto walitoka kwenda mapumziko. Nilikuwa ofisi ya walimu nikinywa chai niliposikia kishindo kizito, kama lori limemwaga mawe, halafu kimya, halafu watoto wakaanza kulia wote pamoja.

Hakuna mtoto aliyekuwa ndani. Rafiki yangu alikuwepo, mezani pake, akisahihisha vitabu. Wanaume waliokuja kutoka barabarani waliinua matofali kwa mikono mpaka wakampata. Alikuwa hai. Nyonga yake ilivunjika, na hakuweza tena kutembea bila fimbo. Nilipomtembelea hospitalini nilianza kumwomba msamaha. "Usilie hapa," akaniambia, "wagonjwa wanalala."

Juma lililofuata nilikwenda ofisini kwa mkuu wa elimu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: fomu, swali la yule mama, jibu langu. Alisikiliza akitazama dirisha.

"Mwalimu," akasema alipogeuka, "mimi nimekaa hapa Kisumu miaka sita. Kor ot kwa Kijaluo najua ni ukuta. Nilimsikia."

Hakujitetea. Alisema tu kwamba siku ile alikuwa na orodha ya shule za kufunga, na ilikuwa ndefu tayari.

"Alhamisi nina mkutano na wazazi wa shule nyingine," akaendelea. "Nahitaji mtu wa kunitafsiria. Safari hii utafsiri kila kitu."

Nilikwenda. Wazazi wa kule walisema juu ya choo kinachozama na paa linaloning'inia, nami nikatafsiri kila neno, hata walipoanza kunifanyia ishara ninyamaze. Mkuu wa elimu aliandika yote. Shule ile ilifungwa kabla ya mwezi kwisha. Watoto wake waligawanywa, na wengi wakaletwa kwetu, kwa kuwa kwenye fomu majengo yetu yalikuwa bado mazuri, wakivuka barabara kubwa alfajiri wakiwa wameshikana mikono, wakakaa wanne wanne kwenye dawati. Mama zao walipowasindikiza walinipita langoni bila salamu. Mmoja alisimama, akanitazama, akamwambia mwanawe kwa Kijaluo, "Huyu ndiye aliyetusemea."